Mwandishi Anyamaze, Msomaji Asome

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Mganga Mkuu wa Mkoa. Mheshimiwa Diwani wetu. Sheikh wetu wa kata, na Padri uliyekubali kuketi naye meza moja. Mwenyekiti na wajumbe wa kamati ya Zahanati ya Shifaa. Mabwana na mabibi mliotoka ofisi za Raskazone na viwanda vya Pongwe. Wagonjwa wetu ambao leo mmekuja na wala hamkujia sindano. Na nyinyi majirani wa hapa Ngamiani mliosikia harufu ya pilau mkaja bila kadi, nanyi karibuni. Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu na wadogo zangu, assalamu alaykum, na hamjambo nyote.

Kwa asiyenijua, na sidhani kama yupo, mimi ni Mwamvua binti Haji, muuguzi mfawidhi wa zahanati hii. Nimemwomba fundi wa vipaza sauti apunguze, maana sauti yangu hata bila mashine hufika sokoni.

Niliandikiwa hotuba. Katibu wetu, Bwana Jaku, ambaye ni Mpemba na ana mwandiko mzuri kuliko wote hapa, alikesha akaniandikia kurasa nzima nzima. Asubuhi nikaisoma kwa sauti mbele ya kioo. Nikafika mahali pameandikwa "katika muktadha wa mabadiliko ya kimfumo", nikakwama. Nikarudi nyuma, nikaenda tena, nikakwama palepale. Na kwa sheria ya zahanati hii, msomaji akikwama, kosa si la msomaji, kosa ni la mwandishi. Basi nimeiweka mezani, nikaandika yangu. Usinune, Jaku, pilau bado ni yako.

Sheria hiyo ndiyo iliyotukusanya. Tumekuja kumuaga binti aliyetuletea, Praxeda, yule pale amejificha nyuma ya shada la maua kama bibi harusi. Toka hapo mwanangu, watu wakuone! Huyu ndiye aliyetuandikia programu ya kompyuta inayoweka kumbukumbu za wagonjwa wetu wa kifafa. Lakini ili mjue tunashukuru nini, lazima kwanza mjue tulitoka wapi.

Ndugu wageni waalikwa, mnaikumbuka miaka ya foleni, tulipokuwa tukipanga mstari tangu alfajiri kwa kipande cha sabuni, na kuchemsha bomba la sindano moja hadi likachoka? Ikaja ruhusa ya kuingiza bidhaa. Maduka yakajaa, mitumba ikamwagika, na kila mwenye ofisi akataka kompyuta, hata kama umeme wenyewe ulikuwa wa kuvizia. Wafadhili wakatuletea nasi ya kwetu. Tukaivalisha kitambaa cha kudarizi, tukaifukizia udi, tukangoja itusaidie. Kompyuta bila programu ni kabati tu, tukaambiwa, nendeni mkatafute kampuni iwaandikie. Tukaipata kampuni moja Dar es Salaam, ikamtuma kijana.

Simtaji jina yule kijana, na simlaani. Alikuwa mwepesi, Mashallah, vidole vinacheza kama vya mpiga kinanda. Alifunga mlango, akaandika, akafungua mlango, akasema tayari. Kweli ilikuwa tayari. Ukibonyeza jina la mgonjwa, kadi inatoka kwenye printa imepigwa chapa, na siku yake ya kurudi kuchukua dawa imeandikwa. Mwisho wa kila robo mwaka mashine ilihesabu wagonjwa wote na kutoa karatasi ya kuagizia dawa bohari. Tulipiga vigelegele. Akapanda basi akaenda zake.

Sasa sikilizeni mkasa. Alipokuwa akiandika, kijana alimwuliza Katibu wetu, "Mzee, siku gani za mwaka zahanati hufungwa?" Jaku akamtajia Krismasi, akamtajia sikukuu za serikali, na Idd akamtajia tarehe ya mwaka ule. Kijana akaandika. Kila mtu alisema kweli! Kijana kwao ni bara, sikukuu zao haziondoki mahali pake. Na Jaku hakufikiri kwamba yupo binadamu duniani asiyejua kuwa Idd hufuata mwezi. Kwa hiyo mwaka wa pili Idd ikasogea kama ilivyosogea tangu enzi za mababu, na mashine ikabaki pale pale, imeng'ang'ana na tarehe ya mwaka uliopita.

Ikawapangia wagonjwa kuja kuchukua dawa siku ya Idd yenyewe. Nani angekuja? Na angekuja angemkuta nani, ilhali hata bawabu alikuwa amevaa kanzu yupo uwanjani anaswali? Mashine ikaona wagonjwa hawa hawakuja. Ikawaita watoro. Na mtoro, ndivyo kijana alivyoandika, huondolewa kwenye hesabu ya dawa. Karani wetu wa kumbukumbu, Hafsa, aliliona jambo lile kesho yake, akajaribu kuwarudisha mmoja mmoja, mashine ikakataa. Karatasi ya bohari ikatoka na hesabu ile pungufu, na wakati ule bohari haikupokea karatasi ya mkono. Dawa zikaja kidogo.

Miongoni mwenu ameketi Mwanaima. Ameniruhusu niseme, nisingesema bila ruhusa yake. Mwanaima anauza vitumbua pale kona ya barabara ya kumi na tano. Ana kifafa tangu utoto. Watu walimficha, wakamzungusha kwa waganga, hadi alipofika hapa akapewa vidonge, na kwa miaka hakuanguka tena. Akaolewa, akazaa, akafungua biashara. Robo ile, naye akiwa mmoja wa wale walioitwa watoro kwa sababu ya Idd, alikuja kuchukua dawa zake akakuta mkebe mtupu. Tulimwambia arudi baada ya wiki. Kabla ya wiki kwisha alianguka mbele ya jiko lake, mkono ukaingia kwenye karai la mafuta. Na mnajua watu wetu wanavyouogopa ugonjwa huu. Walisimama wakamtazama anaungua, wasimguse.

Nilimfunga mkono ule mimi mwenyewe. Nawaambieni, nilikuwa na hasira ambayo hadi leo haijapoa. Ningempiga nani? Tuliipigia simu kampuni, tukaambiwa kijana kaondoka, yuko Muscat, ameajiriwa vizuri. Hamna mwingine? Wapo, lakini maandishi ya yule hawayaelewi. Tukamwita bwana mmoja mtaalamu wa hapa hapa, ofisi yake Raskazone. Akayafungua maandishi ya ndani ya programu, akatazama, akavua miwani. Majina yote yalikuwa herufi tupu: A, B, K, X. Siku ya Idd imechomekwa huku, imechomekwa kule, haina alama wala maelezo. Akasema, "Bi mkubwa, huyu aliandika ajisomee mwenyewe. Ukichomoa jiwe moja hapa, sijui ukuta gani utaanguka." Akakataa hata chai.

Kwa hiyo tukaanza upya, na kampuni nyingine, na kampuni ile ikamleta Praxeda. Mtoto wa Bukoba, mwembamba, begi moja na mwavuli. Nilimpokea vibaya. Nilimwambia mlangoni, "Nawe utaandika, utafunga begi, utakwenda Muscat?" Akaniambia, "Shikamoo mama." Nikasema marahaba kwa shingo upande. Akaniuliza, "Mnataka nifanyeje ili mniamini?"

Nami kwa kejeli tu, maana siku ile nilikuwa na kejeli ya kugawa, nikamjibu: "Sisi hapa tumesoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani. Hupewi aya mpya mpaka ya jana umeisoma mbele ya mwalimu bila kukwama. Wewe utatusomea programu yako aya kwa aya?"

Mtu mwingine angecheka au angenuna. Huyu alikaa kitako kwenye benchi la wagonjwa, akafikiri. Akasema, "Hapana mama. Nikisoma mimi sitakwama, maana nimeandika mimi. Someni nyinyi. Mimi nitakaa kimya. Pale mtakapokwama, mimi ndiye niliyekosea, nitaandika upya."

Wageni waalikwa, mnaona? Aliipindua. Chuoni akikwama mtoto, bakora inamwangukia mtoto. Kwake yeye, akikwama msomaji, bakora inamwangukia aliyeandika!

Ndivyo tulivyofanya. Kila Alhamisi, wagonjwa wakishaondoka, tuliketi chumba cha kadi: Hafsa, bwana dawa wetu Yussuf, mimi na birika la kahawa. Kwanza alituzoeza zile amri chache za Kiingereza, maana mashine haijui lugha nyingine, hilo hatuna la kufanya. Lakini majina ya vitu vyote aliyaweka kwa Kiswahili, mgonjwa ni mgonjwa, kidonge ni kidonge, na juu ya kila kipande akaandika kwa Kiswahili kinafanya kazi gani, na kwa nini. Hafsa anasoma, Yussuf anaeleza alivyoelewa, na Praxeda marufuku kufungua mdomo. Loo, aliteseka binti huyu! Alikuwa anauma ncha ya leso yake akiona Yussuf anapotea, na mimi namwambia, "Nyamaza! Hutakuwapo siku hiyo atakapopotea kweli." Vipande alivyoviandika upya sivihesabu. Mara moja aliandika kipande cha werevu mno, kifupi, kimejikunja, akakipenda sana. Hafsa akakwama. Akakisoma tena, akakwama. Praxeda akatutazama kwa huzuni kama mtu anayechinjiwa kuku wake mpenzi, akakifuta. Akakiandika kirefu, kikapitika.

Idd akaitoa kwenye programu kabisa. Aliweka mahali pamoja tu, panaitwa siku tunazofunga, na mwezi ukitangazwa Hafsa anaandika mwenyewe, na wagonjwa wa siku hiyo wanasogezwa mbele. Mahali pamoja! Si huku na kule.

Lakini sitasahau Alhamisi moja. Hafsa alikuwa anasoma kipande cha mgonjwa aliyekosa kuja, akafika kwenye neno "mtoro". Akanyamaza. Tukadhani amekwama, na neno lenyewe ni jepesi, kila mtoto wa shule analijua. Yussuf akamwambia, "Soma basi." Hafsa akasema, "Sisomi. Mwanaima si mtoro. Hakutoroka, sisi ndio tuliofunga mlango."

Praxeda haruhusiwi kusema. Alichukua kalamu, akalikata neno lile kwenye karatasi, akaandika juu yake "hajaonekana". Halafu akakata na mistari iliyofuata yote, ile ya kumwondoa mgonjwa kwenye hesabu ya dawa. Akaandika kwamba ambaye hajaonekana anabaki kwenye hesabu, dawa yake inaagizwa, mpaka mtu wa zahanati aende nyumbani kwake amwulize. Mimi nilitoka nje nikasingizia kwenda kuangalia maji ya jiko. Nililia, basi.

Sasa nifike penye uchungu. Mkurugenzi wa kampuni yake alikuja kutoka Dar kwa gari lake. Akakuta tunasoma. Akamwita pembeni, lakini kuta za zahanati hii ni nyembamba, na masikio yangu si mazito.

"Praxeda, unawafundisha hawa wasituite tena?"

"Ndiyo, bosi."

"Kuitwa ndio ugali wetu. Tutakula nini?"

"Tutaitwa na wengine, bosi, watakaosikia kwamba kazi yetu haimwachi mtu njiani."

"Unaota. Malizia wiki hii, usomaji wenu uishie hapo. Ukibaki, baki moja kwa moja, kazi kwetu huna."

Kilikuwa kimebaki kipande cha vipimo vya dawa, ndicho kigumu kuliko vyote, na hatukuwa tumekisoma. Alinijia jikoni kwangu, akasema, "Mama, nikienda sasa watu watameza vipimo ambavyo ni mimi peke yangu ninayevijua. Nipe chumba." Nikampa chumba cha ua. Alibaki, tukasoma hadi mwisho. Kampuni ikamwachisha kazi, kama ilivyosema. Ndugu zangu, huyu binti tunayempigia makofi leo alipoteza kazi kwa sababu alikataa kutuachia kitu tusichoweza kukisoma.

Amekaa kwangu hadi nikamzoea. Ramadhani hafungi, ni Mkatoliki, lakini mchana anakula nyuma ya nyumba kwa adabu, na magharibi ikiadhiniwa yeye ndiye wa kwanza kwenye futari, utadhani ndiye aliyefunga kuliko sote. Majirani walianza kuniuliza kama ninamlea mke wa mwanangu. Mwanangu naye hakukanusha, lakini hayo si ya leo.

Je, yale masomo yalifaa? Mwaka huu, mwezi wa Ramadhani ukielekea kwisha, Praxeda alikwenda Bukoba kumzika babu yake. Na hapo hapo bohari wakatuletea vidonge vya nguvu nyingine, nusu ya vile vya zamani. Maana yake ni nini? Kila kadi iliyotoka kwenye mashine ingemwambia mgonjwa ameze nusu ya dawa yake. Nilishika kichwa. Nikaona tena lile karai la mafuta. Simu ya Bukoba haipatikani, na hata ingepatikana, unampigiaje mtu aliye msibani?

Hafsa akasema, "Mama, kwani sisi hatujui kusoma?" Wakakaa yeye na Yussuf. Wakafungua kipande cha vipimo, kile kile kilichomgharimu Praxeda kazi. Hafsa akasoma, Yussuf akaeleza, wakabadilisha, kisha Yussuf akasoma na Hafsa akanyamaza. Wakazijaribu kadi za uongo kabla ya kadi za kweli. Nikahesabu vidonge kwa mkono wangu, vikawa sawa. Wiki ile ile mwezi ukatangazwa, Hafsa akaandika Idd mahali pake, na watu wakala sikukuu kwa amani. Hakuna aliyekosa dawa, hakuna aliyeanguka.

Praxeda aliporudi akauliza, "Kulikuwa na tatizo lolote?" Yussuf akamjibu, "Vidonge vilibadilika, tukabadilisha." Akasema kama mtu anayesema tulifagia uani. Praxeda akaketi kwenye lile benchi la wagonjwa. Alicheka, akafuta macho, akasema, "Basi sasa naweza kwenda."

Mabwana na mabibi wa Raskazone, na nyinyi wa viwanda vya Pongwe, sikuwaalikeni kwa ajili ya pilau tu. Nimewaalika kwa ujanja, na sasa nautoa hadharani. Huyu binti anakwenda Mwanza kufungua ofisi yake mwenyewe, mteja hana hata mmoja. Nanyi najua mnazo programu mnazoziogopa kuzigusa, na mafundi walioko Muscat. Mwiteni! Na akija mwingine kuwauzia, kabla ya kutia saini mwulizeni neno moja tu: ukishaondoka, nani ataisoma? Akibabaika, mpeni chai, mwonyesheni stendi.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, naona unatazama saa, namalizia. Praxeda, kuna kipande kimoja ambacho mwenye haki ya kukisoma hajakisoma. Nawe unaijua sheria: mwandishi ananyamaza. Mwanaima, mwanangu, simama. Hii hapa karatasi, imetoka kwenye programu kama ilivyo. Mwanaima alijifunza kusoma katika kisomo cha watu wazima, usiku, taa ya chemni. Soma mama, usiogope watu.

Mmesikia? Narudia kwa walio nyuma. "Mgonjwa ambaye hajaonekana, usimfute. Dawa yake iendelee kuagizwa. Nenda ukamwulize aliko." Hakukwama, jamani! Hakukwama hata neno moja. Mwangalieni Praxeda, leso yake itaisha.

Mwanangu, nakushukuru kwa niaba ya kila aliyelala salama usiku wa kuamkia leo. Umetufanya tusikuhitaji, na ndiyo maana leo tunakulilia bure, kwa mapenzi tu. Nenda Mwanza. Kukiwa kimya, barua zisipofika, watu wa huku wasipokuona, jua kwamba hatutasema umetoroka. Maneno ni yako mwenyewe, nasi tumeyasoma: hatutakufuta, sahani yako itaendelea kuwekwa, na tutatuma mtu akuulize uliko.

Wakubwa kwa wadogo, mmeketi mkanisikiliza kama Praxeda alivyotusikiliza, nami nawashukuru. Nilipokwama, msimlaumu Jaku, hii niliandika mwenyewe. Ahsanteni sana.